Gharika, Kipindupindu na Wajibu wa Mwislamu



Usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15 Machi, 2019, kimbunga kilichopewa jina la Idai kiliingia nchi kavu karibu na mji wa Beira katika nchi jirani ya Msumbiji. Beira ni mji wa bandari wenye watu wapatao nusu milioni, nao umejengwa mahali pa chini, penye mlango wa mto Pungwe, wala mlango wa mto Buzi hauko mbali. Upepo ulivuma kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Bahari ilipanda juu ya nchi, na mvua iliyonyesha katika milima ya Zimbabwe na Msumbiji iliteremka kwa mito hiyo miwili, hata mashamba na vijiji vikawa bahari ya pili, ambayo marubani waliipita kwa dakika nyingi bila kuona mpaka wake. Watu walikaa juu ya miti na mapaa kwa siku kadhaa wakiwa na watoto mikononi. Chama cha Msalaba Mwekundu kilitangaza kwamba sehemu ipatayo asilimia 90 ya Beira na kandokando yake iliharibiwa. Katika Msumbiji peke yake walifariki watu zaidi ya 600, na wengine wapatao 1,800,000 wakawa wahitaji wa msaada. Katika Zimbabwe na Malawi pia walifariki mamia ya watu.

Maji yalipoanza kupungua, msiba wa pili ukaingia. Tarehe 27 Machi ilitangazwa kwamba wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu wamepatikana Beira. Jambo hilo halikuwashangaza wanaoujua ugonjwa huu, maana vyoo vilikuwa vimefurika, visima vimechanganyika na uchafu, mabomba ya mji yamenyamaza kwa siku kadhaa, na maelfu ya watu wamesongamana katika shule na makanisa na misikiti.

Nimechagua habari hii kwa sababu ya maswali matatu ambayo ndugu walioingia karibuni katika Jumuiya, na wengine ambao bado wanaichunguza dini hii, huniuliza kila msiba wa namna hii unapotokea. La kwanza: Je, watu hawa wameadhibiwa na Mungu? La pili: Je, kukimbilia chanjo na dawa si upungufu wa imani? La tatu: Sisi ambao hatukufikwa na maji yatupasa kufanya nini? Maswali haya si ya mchezo. Mtu akiyajibu vibaya, huweza kuvunja moyo wa aliyefiwa, na huweza hata kuua.

Je, waliozama wamelaaniwa?

Mara tu baada ya msiba hawakosekani watu wa kusema kwamba mji fulani umezama kwa sababu ya dhambi zake. Wako pia Waislamu wasemao hivyo, na hutaja habari ya Nabii Nuhu a.s. na watu wake.

Ni kweli kwamba Kurani Tukufu inasimulia gharika ya Nuhu kuwa ni adhabu. Lakini tuangalie vema. Watu wa Nuhu walikuwa na mjumbe kati yao aliyewaonya kwa muda mrefu sana, usiku na mchana, kwa siri na kwa dhahiri, nao wakamkejeli. Tena katika sura ya Bani Israil, Mwenyezi Mungu ameweka kanuni kwamba Yeye haadhibu watu mpaka kwanza awapelekee Mtume. Nasi Waahmadiyya twaamini kwamba katika zama hizi ametumwa Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad a.s., na kwamba yeye aliionya dunia juu ya misiba mingi. Basi hatukatai kwamba misiba ya zama hizi inaiita dunia nzima imrudie Muumba wake. Yanayokatazwa ni mambo mawili: kumnyoshea kidole yule aliyezama na kusema, huyu ndiye mwenye dhambi; na kujidhania sisi tulio pakavu kwamba ndio watakatifu. Mama mkulima wa Buzi aliyechukuliwa na maji pamoja na mtoto wake mgongoni alimkejeli mjumbe gani? Onyo la Mungu ni kwa anayelisikia, naye anayelisikia ni yule aliyebaki hai. Kwa hiyo, msiba wa Beira unawauliza watu wa Dar es Salaam na Mombasa na Tanga habari za nyoyo zao kabla ya kuwauliza watu wa Beira.

Na kuhusu waliokufa, Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ametufundisha jambo ambalo kila Mwislamu anapaswa kulijua kabla hajafungua kinywa chake. Katika hadithi iliyo sahihi ametaja watu wanaohesabiwa mashahidi mbali na aliyeuawa katika njia ya Mungu. Mmoja ni yule aliyekufa kwa tauni. Wa pili ni aliyekufa kwa maradhi ya tumbo. Wa tatu ni aliyezama majini. Wa nne ni aliyeangukiwa na jengo.

Ndugu zangu, itazameni tena orodha hiyo, kisha itazameni Beira. Wako waliozama katika Buzi na Pungwe. Wako walioangukiwa na kuta na mapaa usiku ule wa upepo. Na baada yao wakafuata waliokufa kwa kipindupindu, ambacho ni maradhi ya tumbo. Ni kana kwamba Mtume s.a.w. aliwaona watu hawa kwa macho yake, miaka 1,400 iliyopita, akawafungulia mlango wa huruma. Basi ni nani sisi tuwaite wamelaaniwa watu ambao yeye amefundisha kwamba waumini miongoni mwao wanaokufa hivyo wana daraja ya shahidi? Na wale wasiokuwa Waislamu, hesabu yao iko kwa Mola wao aliye Mwingi wa rehema, wala hakutupa sisi daftari lake tulisome.

Kumtegemea Mungu na kushika njia zake

Swali la pili linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndani yake mna hatari iliyo hai.

Kipindupindu ni ugonjwa uletwao na vijidudu viingiavyo tumboni kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Katika mwaka 1854 daktari wa Kiingereza, John Snow, alionyesha mjini London kwamba wagonjwa wengi wa mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Mwaka uo huo Filippo Pacini, mtaalamu wa Italia, aliviona vijidudu vyenyewe kwa hadubini, na miaka thelathini baadaye Mjerumani Robert Koch akavithibitisha. Mgonjwa huharisha maji mengi na kutapika, na asipopata msaada huweza kufa kwa muda wa saa chache tu, si kwa sumu ya ajabu bali kwa kukaukiwa na maji na chumvi za mwili. Kwa sababu hiyo dawa yake ya kwanza ni kumrudishia maji na chumvi hizo. Wakati wa vita vya Bangladesh mwaka 1971, kambi za wakimbizi zilipopungukiwa na maji ya kutia katika mishipa, daktari wa Kihindi Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari ya kunywa, na vifo vikapungua sana. Tangu hapo imejulikana kwamba mgonjwa akitibiwa mapema, vifo havizidi mmoja katika wagonjwa mia.

Beira ilithibitisha jambo hili. Vituo vya matibabu vilifunguliwa upesi, maji yakatiwa klorini, na tarehe 3 Aprili, wiki moja tu baada ya tangazo la ugonjwa, ikaanza chanjo ya kunywa. Ziliandaliwa dozi karibu 900,000, na katika siku chache watu zaidi ya 800,000 wa Beira, Dondo, Nhamatanda na Buzi wakawa wamekwisha kunywa. Waliougua walikuwa zaidi ya 6,500. Waliokufa kwa ugonjwa huo walihesabiwa kuwa 8. Linganisheni na nchi ya Malawi katika miaka 2022 na 2023, ambako kipindupindu kilienea nchi nzima baada ya tufani Ana, na kabla hakijakwisha kikafuata kimbunga Freddy. Huko waliugua watu karibu 59,000, wakafa zaidi ya 1,700, na wengi wao walifikishwa kwa mganga wakati umepita au hawakufikishwa kabisa. Vijidudu ni vile vile. Tofauti ilikuwa katika wepesi wa msaada na katika wepesi wa watu kuufuata msaada huo.

Sasa yupo asemaye: Mimi namtegemea Mungu, sihitaji chanjo. Nasi tumjibu kwa mfano wa Nabii Nuhu mwenyewe. Mungu alimwahidi kumwokoa. Je, Nuhu alikaa kitako akingoja kunyanyuliwa mawinguni? La! Aliamriwa kujenga jahazi, naye akalijenga kwa mbao na misumari, huku wapitao njia wakimcheka. Ahadi ya Mungu haikumwondolea kazi ya nyundo. Mwanawe, kinyume chake, alidhani kilima kitamtosha, akakataa chombo ambacho Mungu amekiweka wazi mbele ya macho yake, akazama. Twaona basi kwamba kumtegemea Mungu ni kupanda chombo alichokitayarisha, wala si kukataa kupanda. Na Mtume wetu s.a.w. alimwagiza bedui kwanza amfunge ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu. Alifundisha pia kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake.

Zaidi ya hayo, mwenye kuzichunguza amri za Mtume s.a.w. juu ya maji atastaajabu. Alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Aliwaonya watu juu ya kujisaidia penye vyanzo vya maji, njiani na kivulini, akasema kwamba mambo hayo huleta laana. Aliagiza vyombo vifunikwe na viriba vifungwe usiku. Aliamuru mtu aamkapo asitumbukize mkono katika chombo kabla hajaunawa. Ewe mwenye kutafuta ukweli, simama kidogo hapa. Bwana shamba wa afya anayepita kijijini leo akihubiri choo, sabuni na mtungi wenye kifuniko, anahubiri nini isipokuwa yale ambayo Mtume wa Arabuni aliyahubiri karne kumi na mbili kabla ya pampu ile ya London?

Jambo la sindano ya mwaka 1902

Hapa wako wanaoijua historia ya Jumuiya yetu, ama kwa nia njema ama kwa kutafuta makosa, ambao huuliza: Mbona Seyidna Ahmad a.s. aliwaambia wafuasi wake wasidungwe sindano ya tauni? Swali ni la haki, nalo lastahili jawabu la wazi.

Tauni iliingia Punjab katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ikaua watu wengi mno. Mwaka 1898, kabla haijaenea huko, Masihi Aliyeahidiwa a.s. alitangaza njozi aliyoonyeshwa kwamba tauni itaenea katika nchi hiyo. Mwaka 1902, serikali ilipokuwa ikiwadunga watu sindano, aliandika kitabu kiitwacho Kishti-i-Nuh, yaani Jahazi la Nuhu. Ndani yake alieleza kwamba Mungu amempa ahadi maalumu ya kumhifadhi yeye pamoja na wote waliomo ndani ya nyumba yake, na kwamba wenye kumfuata kwa kweli watahifadhiwa kwa namna ya kipekee, ili iwe ishara kwa zama zile. Kwa ajili ya ishara hiyo, ili isichanganyike na kitu kingine, hakutumia sindano.

Lakini katika kitabu kicho hicho aliisifu serikali kwa kuwahurumia raia, akawalaumu wenye kuidhania mabaya, na akaeleza wazi kwamba lau kusingekuwako zuio hilo la mbinguni, yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kudungwa. Basi lililotokea mwaka 1902 lilikuwa ishara iliyofungamana na ahadi iliyotajwa kabla, kwa ugonjwa uliotajwa, katika zama zilizotajwa. Halikuwa sheria ya kukataa dawa. Mtu wa leo anayekataa chanjo ya kipindupindu kwa kutaja habari hiyo, na aulizwe: Wewe umepewa ahadi gani, na umeitangaza lini? Asiye na ahadi hiyo analo agizo la kawaida, nalo ni kufunga ngamia. Na ndiyo desturi ya Jumuiya, kwani Khalifa wa Tatu, Hadhrat Mirza Nasir Ahmad, baada ya safari yake ya Afrika Magharibi mwaka 1970, alianzisha mpango wa Nusrat Jehan, ambao kwa huo zilifunguliwa hospitali na shule katika nchi za huko. Jumuiya inayojenga hospitali haiwezi kuwa jumuiya inayoukimbia uganga.

Tena, Masihi Aliyeahidiwa a.s. alifafanua katika kitabu hicho kwamba nyumba yake si udongo na matofali tu. Anayeingia kweli ndani yake ni yule anayelifuata fundisho lake kwa vitendo: asiyesema uwongo, asiyedhulumu, anayewahurumia viumbe wa Mungu. Asiyefanya hivyo, ingawa jina lake limo katika daftari la Jumuiya, bado yuko nje katika mvua.

Uvumi uuao kuliko ugonjwa

Niliposema kwamba jibu baya huweza kuua, sikusema kwa kutia chumvi. Katika majimbo ya kaskazini ya Msumbiji, ambako Waislamu ni wengi, kwa miaka mingi umekuwako uvumi kwamba kipindupindu hakiletwi na uchafu bali huletwa na serikali na wafanya kazi wa afya, na kwamba klorini wanayotia visimani ndiyo ugonjwa wenyewe. Baadhi ya wataalamu husema kwamba chanzo kimoja cha kosa hili ni kufanana kwa majina hayo mawili katika lugha ya Kireno. Watu waliokwenda kusafisha maji wameshambuliwa, na wengine wameuawa. Na tarehe 7 Aprili, 2024, mashua ya wavuvi isiyofaa kupakia abiria ilijazwa watu katika jimbo la Nampula, ikielekea Kisiwa cha Msumbiji. Wakuu wa jimbo walieleza kwamba wengi walikuwa wakikimbia kwa hofu ya uvumi juu ya kipindupindu. Mashua ikazama. Walikufa watu zaidi ya 90, na wengi wao walikuwa watoto.

Ndugu wapendwa, watoto wale hawakuuawa na kipindupindu. Waliuawa na maneno. Mtu mmoja alisema asilolijua, wa pili akalipeleka mbele, wa tatu akaliongeza, na mwisho wake ukawa chini ya bahari. Katika sura ya Hujurat, Mwenyezi Mungu anawaamuru waumini kwamba akiwajia asiye mwaminifu na habari, waichunguze, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Na Mtume s.a.w. amefundisha kwamba yatosha mtu kuwa mwongo akisimulia kila anachokisikia.

Kukimbia nako kuna hukumu yake. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, Khalifa Umar r.a. alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Ndipo Abdurrahman bin Auf r.a. akaleta ushahidi kutoka kwa Mtume s.a.w., kwamba mkisikia ugonjwa huo uko katika nchi msiingie, na ukiwa katika nchi mliyomo msitoke kwa kuukimbia. Umar alimshukuru Mungu kwamba uamuzi wake umeafikiana na agizo la Mtume. Lau watu wa mashua ile wangalikuwa na mtu mmoja wa kuwakumbusha hadithi hii, aliyekuwa na heshima mbele yao, huenda wangalibaki kijijini, wakachemsha maji, wakaishi. Mtu huyo ilipasa awe sheikh wa msikiti. Basi enyi waalimu na maimamu, mjue kwamba siku ya msiba khutuba yenu ni dawa au ni sumu.

Yatupasayo kufanya

Swali la tatu linajibiwa na bai'at yenyewe. Ninyi mliofanya bai'at, kumbukeni masharti yake kumi, yaliyotangazwa mwaka 1889. Sharti la nne linatufunga tusiwadhuru viumbe wa Mungu kwa ulimi wala kwa mkono wala kwa namna yoyote. Sharti la tisa linatufunga tushughulike daima na kuwatumikia viumbe wote kwa ajili ya Mungu peke yake, kwa kadiri ya nguvu na neema tulizopewa. Halikusemwa viumbe Waislamu, wala viumbe Waahmadiyya. Kwa msingi huo, katika zama za Khalifa wa Nne, Hadhrat Mirza Tahir Ahmad, lilianzishwa katika miaka ya 1990 shirika la huduma liitwalo Humanity First, ambalo huwasaidia wenye misiba pasipo kuuliza dini yao.

Na hapa nitaje onyo. Msaada usiwe chambo. Katika sura ya Ad-Dahr, Kurani Tukufu inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa kwa mapenzi ya Mungu, huku wakiwa hawataki malipo wala shukrani. Ukimpa mwenye njaa unga kwa mkono mmoja na fomu ya bai'at kwa mkono wa pili, umekwisha taka malipo. Mpe unga, uende zako. Akiuliza baadaye wewe ni nani, mwambie.

Tena tusione haya kujifunza wema popote ulipo. Siku zile za Idai, wavuvi wa Msumbiji walitoa vyombo vyao kuwaokoa watu wasiowajua. Marubani wa Afrika ya Kusini waliwachukua watu kutoka mitini, manowari za Uhindi zilizokuwa karibu ziligeuza njia kwenda Beira, na Kuba ikaleta madaktari. Na mjini Harare, bibi mmoja aliyepita umri wa miaka sabini alifunga furushi la nguo na vyombo, na kwa kuwa hakuwa na nauli, alilitia kichwani akatembea mwendo mrefu kwa miguu mpaka kanisani palipokuwa pakikusanywa misaada. Bibi huyo si Mwislamu. Lakini Mtume wetu s.a.w. ametufundisha kwamba dirhamu moja huweza kuzitangulia dirhamu laki moja, kwa sababu aliyetoa moja alikuwa na mbili tu. Basi kila mmoja wetu aliyekwenda katika gari lake na kutoa nguo aliyoichoka, na atazame lile furushi.

Wala msingoje gharika ya mbali. Pwani na mabonde yetu yanaijua mvua hii, na Tanzania imekijua kipindupindu tangu miaka ya 1970. Yako mambo ambayo kila jamaa ya waumini inaweza kuyafanya kabla ya masika, tena bila gharama kubwa. Choo cha msikiti kiwe kizima na safi, na penye kutawadha pawe na sabuni. Kila nyumba ijue kutengeneza maji ya uzima, yaani lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo huku anapelekwa zahanati, wala maji hayo yasiwe sababu ya kumchelewesha nyumbani. Mama anyonyeshaye aendelee kunyonyesha. Ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa asifunge, kwani Mungu mwenyewe amempa ruhusa katika sura ya Al-Baqara, na kukataa ruhusa ya Mungu si uchaji.

Lipo na jambo la maiti. Aliyekufa kwa kipindupindu bado ana vijidudu, na wengi huambukizwa wakati wa kuosha na katika chakula cha matanga. Waoshao wawe wachache, wavae mipira mikononi, watumie maji yenye klorini, nao wafuate maagizo ya wafanya kazi wa afya. Ikiwa kumwosha kutaleta madhara, sheria imetoa ruhusa ya tayamamu. Mwenye kuufuata wepesi huu hakumpunguzia marehemu heshima hata kidogo, kwani heshima yake tumekwisha iona katika hadithi ya mashahidi. Na wanaokuja kutoa rambirambi wasile wala kunywa katika nyumba hiyo mpaka hatari iishe.

Sa'd bin Ubada r.a. alipofiwa na mama yake, alimwuliza Mtume s.a.w. ni sadaka gani iliyo bora, naye akamwelekeza kwenye maji. Sa'd akachimba kisima kwa ajili ya mama yake. Mtu mwenye kufiwa akaigeuza huzuni yake kuwa maji safi kwa majirani! Nani kati yetu aliyefiwa na mzazi, akitaka kumpelekea thawabu, asiyeweza kushirikiana na wenzake kukarabati kisima kimoja, au kukifunika tu?

Ewe ndugu unayeichunguza dini, usiipime Jumuiya hii kwa hoja zake peke yake, ijapokuwa hoja zake zina nguvu. Njoo uitazame siku ya mafuriko. Ukituona tumeketi tukijadiliana nani amelaaniwa, una haki ya kwenda zako. Nanyi mliokwisha ingia, mkumbuke kwamba jahazi la zama hizi lina mbao zake na misumari yake, na kila mmoja wetu amepewa nyundo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki Beira, Chimanimani, Malawi na Nampula. Awape subira waliofiwa, awalinde wanaowatumikia wagonjwa, na atujalie sisi tuwe katika wale wanaookoa nafsi, ambao kuokoa kwao nafsi moja kumehesabiwa katika Kurani Tukufu kama kuwaokoa wanadamu wote. Amin.